Mjukuu Wangu Ametumwa Eldoret: Je, Wanafunzi Watajifunzia Kwake?

SWALI: Mimi ni nyanya ninayeishi Bungoma na ninamlea mjukuu wangu wa miaka 6. Majuma matatu yaliyopita taya lake la kulia lilianza kuvimba na meno ya upande huo yakalegea. Tulidhani ni jino bovu, likang'olewa, lakini uvimbe ukazidi. Sasa tumepewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya watoto iliyoko Eldoret. Majirani wananiambia kwamba hiyo ni hospitali ya chuo kikuu, kwamba wanafunzi hujifunzia kwa watoto wa maskini na wengine hufanyiwa majaribio. Naogopa. Nimpeleke au nitafute kwingine?

JAWABU: Nyanya, mpeleke, tena juma hili hili. Sijamwona mtoto na siwezi kuutaja ugonjwa wake kwa kusoma barua, lakini uvimbe wa taya unaokua kwa siku chache na kulegeza meno, kwa mtoto wa magharibi mwa Kenya, ni lazima uchunguzwe kama ni saratani ya Burkitt. Hiyo ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote, na ni miongoni mwa zile zinazoitikia dawa vizuri matibabu yakianza mapema. Huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi, kama kandokando ya Ziwa Victoria, na haitokani na kurogwa wala na jambo lolote ulilokosea katika malezi.

Huko unakotumwa ni Hospitali ya Watoto ya Shoe4Africa, iliyofunguliwa mwaka 2015 ndani ya uwanja wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kwa michango iliyokusanywa na mwanariadha Toby Tanser na marafiki zake. Hospitali kubwa yenyewe ilianza mwaka 1917 ikiwa na vitanda 60 tu, na ndipo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi wanapofundishiwa kazi.

Kwa hiyo majirani hawakukosea waliposema kwamba utawakuta wanafunzi. Asubuhi, wakati wa raundi ya wodi, huenda kitanda cha mjukuu wako kikazungukwa na watu wanane au kumi waliovaa makoti meupe, na mlezi asiyeelezwa mapema hushtuka. Mwanafunzi huuliza historia ya ugonjwa na kumpima mtoto, lakini haamui dawa. Juu yake yuko daktari aliye katika mwaka wa mafunzo kazini baada ya kuhitimu, kisha daktari anayesomea ubingwa wa magonjwa ya watoto, na juu ya wote daktari bingwa, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho. Utaulizwa maswali yale yale mara tatu au nne. Hilo linachosha, nami nawaonea huruma wanaolipitia, ila mara nyingi ni katika kuulizwa mara ya tatu ndipo mlezi anapokumbuka jambo alilolisahau.

Ugonjwa huu wenyewe ulitambuliwa katika hospitali ya namna hiyo. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, ambako Chuo Kikuu cha Makerere hufundishia madaktari, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe wa taya. Baadaye alimkuta mwingine mwenye dalili kama hizo katika hospitali ya Jinja, akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo yake.

Kuhusu majaribio, tafadhali tenganisha mambo mawili. Kufundisha ni mtoto kupata matibabu yake ya kawaida huku wanaojifunza wakitazama na kusaidia chini ya usimamizi. Utafiti ni jambo jingine: lazima upitishwe na kamati ya maadili, uelezwe kwa lugha unayoielewa, na utie sahihi ya ridhaa iliyo mbali na ile ya matibabu. Ukikataa utafiti, matibabu ya mtoto hayapaswi kupungua hata kidogo. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa. Una haki ya kumuuliza kila anayemgusa mtoto yeye ni nani na anataka kufanya nini, na ukiona makoti yamezidi, sema kwa upole kwamba mtoto amechoka.

Kwa kuwa wewe si mzazi, safiri na mama au baba yake ikiwezekana. Isipowezekana, beba cheti chake cha kuzaliwa, barua ya chifu inayoeleza kwamba wewe ndiwe mlezi, na namba ya simu ya mzazi atakayeweza kutoa ridhaa.

Na hili ndilo ninalolihofia kuliko wanafunzi wote: ikiwa ni Burkitt, uvimbe unaweza kunywea ndani ya siku chache baada ya dawa ya kwanza. Walezi wengi huona mtoto amepona, wakifikiria nauli na shamba, wakarudi nyumbani, na ugonjwa ukarejea ukiwa mkali zaidi. Maliza duru zote za dawa. Fedha zikikwama, mwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujafungasha. Mtoto naye hatakaa kitandani tu akilia, kwani kuna kituo cha Sally Test ambamo watoto waliolazwa hucheza na kujifunza.

SWALI: Naishi Lodwar. Je, naweza kumpeleka mwanangu Eldoret moja kwa moja bila rufaa? (Baba wa watoto wawili)

JAWABU: Ndugu yangu, kwa ugonjwa usio wa dharura, anzia hospitali iliyo karibu, kwa sababu barua ya rufaa hueleza vipimo na dawa alizokwisha kupata, na huwaepusha madaktari na kuanza upya. Dharura haingoji barua. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Hakikisha pia kwamba mtoto ameandikishwa chini yako katika bima ya afya ya serikali, SHA, kabla hajaugua, maana kuandikisha ukiwa mlangoni mwa wodi hula muda ambao mtoto anauhitaji.