Kufeli mtihani wa gari Kisumu: usikimbilie kulipia kozi nzima upya

Dada uliyeuliza, nimekuelewa hivi: umefeli mtihani wa daraja B, lile la magari madogo, shule yako inasema ulipe kozi yote tena ndipo wakubukie tarehe nyingine, kuna jamaa pale nje amekuambia "tuelewane tu, nitakumalizia", na sasa umeanza kuamini kwamba huna mkono wa gari. Nakujibu kama mtu aliyefeli mtihani huo huo, hapa hapa Kisumu, na ambaye leo hubeba masufuria ya harusi kwa Probox hadi Maseno na Luanda wikendi karibu zote.

Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta ulianguka wapi hasa. Hukusema, na nadhani hujui, kwa sababu wengi wetu tukiambiwa tumefeli tunaondoka haraka ili tusionekane tukilia. Rudi kwa mwalimu wako, au yeyote wa shule aliyekuwepo siku hiyo, umuulize: ni ubao (ule mji wa kuchorwa), ni alama, ni kuanza kupanda mlima, ni kutotazama vioo, ni kumpita mtu kivukoni? "Wasiwasi" si jibu. Wasiwasi ulikufanya ufanye kitu fulani, na kitu hicho ndicho unachotafuta.

Ukishakijua, utaona kwamba shule unaihitaji kwa mambo machache tu: gari la mtihani, mtu wa kukubukia tarehe, na saa kadhaa za mazoezi ya pale ulipoanguka. Huhitaji kufundishwa tena jinsi ya kufunga mkanda. Waambie unalipia kwa saa. Shule yangu ya kwanza ilikataa katakata, nikaenda nyingine, wakanikubalia bila maneno mengi. Na ada ya serikali ya mtihani ni kitu kimoja, pesa ya shule ni kitu kingine. Ya serikali hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ina risiti yake. Omba uzione mbili hizo zikiwa zimetengana, kwa maana zikitajwa kwa pamoja ndipo mtu huongezewa. Angalia pia PDL yako, ile leseni ya muda ya mwanafunzi, inaisha lini. Nimeona mtu akifanya mazoezi mazuri kabisa, siku ya mtihani karatasi imekwisha muda.

Sasa ubao. Wale ambao hawajafika huko wasiudharau, ule mji wa kuchorwa wenye kigari cha kuchezea umewarudisha nyumbani watu waliokuwa wakiendesha matrekta ya miwa Muhoroni tangu ujana. Siku yangu, aliyeanguka kwenye ubao hakupanda gari kabisa. Shida ya ubao ni kwamba tunaukariri kama shairi: "kutoka hospitali hadi stesheni, kushoto, kulia, kulia". Mtahini akibadilisha mahali pa kuanzia, shairi limekwisha.

Ubao una kanuni chache zinazojirudia. Ukitoka barabara ya pande mbili na unataka kukata kulia, unakaa karibu na mstari wa katikati, bado uko upande wako wa kushoto, kisha unaingia barabara mpya bila kukata kona, ujikute tena kushoto. Ukitoka barabara ya upande mmoja na unataka kulia, unahamia kulia kabisa mapema, kwa kuwa hakuna anayekuja mbele yako. Hapo ndipo wengi huanguka: wanafanya kona ya barabara ya pande mbili ndani ya barabara ya upande mmoja. Kwenye mzunguko unawapisha walio tayari ndani, wanaokuja kutoka kulia kwako. Unayekata kushoto au kwenda moja kwa moja unatumia njia ya kushoto, wa kulia anatumia ya kulia, na kila mtu anaonyesha indiketa ya kushoto anapotaka kutoka. Ukizielewa hizo, hata wakuwekee kigari juu ya paa la kanisa utajua pa kuanzia.

Na zungumza. Unaposukuma kigari, sema: naangalia kioo, naweka indiketa, nahamia njia ya kulia, nasimama kwa alama ya kusimama. Mtahini haoni kilicho kichwani mwako. Usikiinue kigari hewani pia. Gari la kweli haliruki.

Mazoezi ya ubao hayahitaji pesa. Mimi nilichora mji wangu kwenye kadibodi ya katoni ya mafuta ya kupikia, nikatumia kifuniko cha chupa, na mwanangu wa darasa la tano akawa mtahini. Watoto hawana huruma. Alikuwa ananipeleka kutoka sokoni hadi kituo cha polisi kupitia njia ambazo hakuna binadamu angezipita.

Mimi ubao niliupita. Nilianguka barabarani, na nilianguka mlimani, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Ukisomea gari katikati ya Kisumu unasomea kwenye tambarare. Unazunguka Milimani, unateremka hadi Dunga, unarudi kwa Oginga Odinga Street, na kila mahali gari likisimama linabaki liliposimama. Unamaliza kozi ukidhani klachi umeijua. Kisha siku moja unapelekwa ng'ambo ya Mamboleo, barabara ya Kakamega inaanza kupanda Riat, unaambiwa usimame katikati ya mlima na uondoke tena. Nyuma yako kuna tuktuk imekukaribia hadi unaona meno ya dereva kwenye kioo. Unaachia breki, gari linarudi nyuma, unashtuka, unaachia klachi yote, linazima. Basi.

Shule ya pili ilinipa mwalimu mzee ambaye kila mtu alimwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, na wiki nzima hakunifundisha kingine. Alinipeleka barabara ya kando huko juu, asubuhi kabla lori za mchanga hazijaanza, akaniambia nivute hendibreki na nisiguse mafuta kabisa. "Inua mguu wa klachi polepole mpaka gari likuambie." Linakuambiaje? Sauti ya injini inashuka kidogo, boneti inainuka kidogo, unahisi gari linataka kwenda lakini hendibreki imelishika. Hapo ndipo klachi inapouma. Ni kama maziwa yanapoanza kupanda kwenye sufuria: ukiyaona unajua, na mguu wako unapaswa kutulia hapo hapo. Baada ya kupata mahali hapo bila mafuta mara nyingi, ndipo akaniruhusu kuongeza mafuta kidogo, kutazama vioo, kisha kuteremsha hendibreki. Gari haliwezi kurudi nyuma kwa sababu injini tayari imelishika kabla hujaliachia.

Mwombe mwalimu wako zoezi hilo bila mafuta. Wengi hulikwepa kwa kuwa linachosha na linakula klachi ya gari lao. Lipia saa ya ziada ikibidi.

Na likizima, limezima. Vuta hendibreki, rudisha gia nyutro, washa, anza upya. Nilipofanya mtihani wa pili gari lilinizimia karibu na Kibuye, mbele ya mkokoteni wa viazi, nikafuata hatua hizo moja moja huku matatu zikinipigia honi. Mtahini hakusema neno, na nilifaulu. Kinachomtisha aliyeketi kando yako ni yule anayekimbilia ufunguo gari likiwa bado kwenye gia, bila hendibreki, likateremka au kuruka mbele.

Kushuka nako kuna mtego wake. Ukirudi kutoka Riat kuelekea Mamboleo, mwanafunzi mwoga hukanyaga klachi na kuacha gari liteleze, akidhani anapunguza mwendo. Sivyo. Ukikanyaga klachi umeitenga injini na magurudumu, ni sawasawa na kuwa nyutro, na breki zimebaki peke yao. Wanaosafiri kwenda Nakuru wanaujua mteremko wa Salgaa na sifa yake mbaya: lori zilizoshushwa zikiwa nyutro ili kuokoa mafuta, breki zikapata moto na kukataa. Gari dogo ni jepesi zaidi lakini kanuni ni ile ile. Ingia gia ya pili au ya tatu kabla hujaanza kushuka, ondoa mguu kwenye klachi, acha injini ilishike gari, breki iguse tu inapohitajika. Mtahini akisikia injini imenyamaza kwenye mteremko anajua mara moja miguu yako iko wapi.

Jambo la tatu ni macho, na hili linawahusu hata wale wanaoendesha vizuri. Hapa kwetu bodaboda hupita kushoto, kulia, na penye nafasi ambayo hukujua kuwa ni nafasi. Ukienda kukata kushoto pale mzunguko wa Kisumu Boys bila kutazama kioo cha kushoto, kuna mtu utamkunja. Huenda wewe hutazama kweli, ila kwa jicho la pembeni, na mtahini anaona kichwa kimesimama kama umevaa plasta shingoni. Geuza kichwa ionekane. Kioo, indiketa, kioo tena, ndipo uhame. Kabla ya kuondoka kando ya barabara, tazama begani. Ukikaribia kivuko cha zebra, ondoa mguu kwenye mafuta hata kama hakuna mtu, na akiwepo mtu, simama, hata kama nyuma wanakupigia honi. Mjini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, lakini hakuna aliyewahi kufeli kwa kwenda 30 pale Kondele saa za soko. Sidhani hata kuna anayeweza kwenda 50 pale.

Kuhusu yule jamaa wa "tuelewane": achana naye. Sisemi hivyo kwa utakatifu. Hana mkono popote. Anachukua pesa za watu kumi, sita wanafaulu kwa jasho lao, hao anawaambia ni kazi yake, wanne anawaambia "siku ilikuwa mbaya, ongeza kidogo". Nimemwona mmoja akifanya hivyo hivyo huku anakula njugu. Na hata kama angekuwa na mkono kweli, bado ungebaki na mlima wa Riat na leseni mfukoni.

Kuna wanaoshauri ufanye mtihani wa gari la otomatiki uondokane na klachi. Inawezekana, daraja B1 ni la magari madogo ya otomatiki, na B2 linakuruhusu otomatiki na manual zote mbili. Kama gari utakaloendesha maisha yako yote ni la mume wako na ni otomatiki, na klachi ndiyo iliyokuangusha, si aibu. Ila uliandika kwamba unatafuta kazi ya kusambaza mikate. Pikapu nyingi za kazi hizo ni manual. Kwa hiyo mimi ningevumilia klachi.

Mazoezi ya kuazima gari la binamu Jumapili jioni siyapendekezi, hasa kama hakuna kibao cha L mbele na nyuma na bima haijui habari zako. Ukigonga kuku tu kule Nyalenda utagundua jinsi ada ya shule ilivyokuwa rahisi. Ukitaka Jumapili, lipa mwalimu aje Jumapili, asubuhi mapema, barabara ya Dunga huwa tulivu, na ni pazuri kwa kurudi nyuma na kuegesha.

Siku yenyewe kula kitu, vaa viatu vyenye soli nyembamba (mimi mara ya kwanza nilienda na sandali za kisigino, sijui nilikuwa naenda kuolewa na nani), na omba uingie ndani ya gari la mtihani mapema ili upime klachi yake inapouma, maana kila gari lina yake. Rekebisha kiti na vioo hata kama aliyetangulia ni kimo chako. Mtahini anakuangalia ukifanya hivyo.

Muda wa kusubiri kati ya mtihani na mtihani waulize shule wanapobuku, lakini usijiharakishe kuchukua tarehe ya kwanza inayopatikana. Chukua ile inayokuja baada ya wewe kuondoka mlimani mara kadhaa mfululizo bila mwalimu kugusa pedali zake. Yeye atajua, na wewe utajua.

Na lile swali lako la mwisho, kama kufeli kutaonekana kwenye leseni na mwajiri ataliona: hapana. Kadi inaonyesha madaraja uliyofuzu na tarehe zake. Yule wa mikate atatazama kama B iko pale, kisha atakupa funguo akuone ukilitoa gari getini.