Haidrokaboni zinabanguliwa au zinavunjwa?

Swali la leo limetoka kwa mwanachuo aliyeko likizo kwao Newala. Kwenye ripoti yake kaandika "kinetiki ya kubangua haidrokaboni kwa kichochezi cha zeolaiti", msimamizi kapiga mstari mwekundu kwenye kubangua na kichochezi, hakueleza kwanini.

Mdogo wangu nimecheka, mtu wa Newala hawezi kuona kitu kinapasuka asiwaze korosho. Ila msimamizi yuko sawa. Kubangua ni kutoa ganda upate kilichomo ndani, na sifa ya mbanguaji ni kiini kitoke kizima, kikivunjika bei imeshuka hapo hapo. Bibi yangu pale Lindi alikuwa anaigonga korosho iliyochomwa mara moja tu, kiini kinadondoka kwenye ungo hakina hata ufa, nikijaribu mimi napata vipande na vidole vimebabuka kwa mafuta ya ganda. Sasa kwenye mafuta mazito, ambayo ndo haidrokaboni zenyewe, ganda liko wapi? Halipo. Molekuli ni mnyororo mrefu wa kaboni na wanachotaka ni mnyororo wenyewe uachane vipande vifupi vifupi, petroli na gesi zipatikane humo, yaani kile ambacho bibi alikuwa ananigombezea ndo kazi yenyewe. Andika kuvunja. Wapo wanaosema kupasua, mi silipendi, kuni unazipasua kwa urefu wake na mnyororo haupasuliwi hivo.

Kichochezi nalo liache, linanuka uchochezi, mambo ya polisi hayo. Kichocheo ndo zuri sababu unaona mtu anachochea moto: kijiti kinasogeza kuni ziwake, chenyewe hakihesabiwi kama kuni. Zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, ni hivo hivo, inaharakisha mmenyuko afu inabaki. Na kama kijiti kinavyoshika masizi na yenyewe inashika, kwenye joto la nyuzi 500 na kitu, ndani ya sekunde chache tu masizi ya kaboni yanaifunika, na vitundu vya zeolaiti ya aina Y mlango wake ni nanomita 0.74 hivi kwahiyo havichelewi kuziba, kasi inaporomoka, mpaka ipelekwe chombo kingine masizi yachomwe kwa hewa ndo irudi kazini. Kwahiyo ukiandika kasi ya kuvunjika taja ni kasi ya wakati gani, ya zeolaiti safi au iliyoshika masizi, namba hazifanani kabisa.

Zeolaiti yenyewe usihangaike kuitafsiri. Axel Cronstedt wa Sweden ndo aliipa jina 1756, kwa Kigiriki ni jiwe linalochemka, na sisi tukiandika "jiwechemko" hakuna atakayeelewa.

Kinetiki pia ibaki, ni jina la somo, kinachopimwa humo ni kasi ya mmenyuko. Ila usije ukaandika mwendokasi, watu wa Dar watauliza kituo cha basi kiko wapi.