Barua kwa mwanangu: Mkristo ampigie kura Mkristo?

Mwanangu mpendwa,

Salamu za nyumbani. Sote hatujambo. Baba yako miguu inamsumbua, lakini kanisani anafika na kurudi kwa mguu, hataki kusaidiwa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona afadhali nikuandikie, maana kwa simu tungebishana mpaka salio likatike.

Unasema mchungaji wenu huko Nairobi ametangaza mimbarini kwamba mwaka 2027 Mkristo ampigie kura Mkristo mwenzake, mtu mwenye hofu ya Mungu, na asiyefanya hivyo amemsaliti Kristo. Ukaniuliza ni kweli? Halafu ukaongeza la pili, kwa upole, ila mkuki niliusikia: mbona wewe, mama, mzee wa kanisa, mwaka 2010, kwenye kura ya maoni ya katiba mpya, ulipiga kura ya Ndio ilhali maaskofu walitutaka tuseme La?

La mchungaji wenu ni jepesi, nilimalize kwanza. Tangu uhuru nchi hii imekuwa na marais watano, na wote watano ni Wakristo. Moi, rais wa pili, kanisani hakuwa akikosa. Jumapili jioni taarifa ya habari ilifunguka na Mtukufu Rais akiwa ibadani mahali fulani, kwaya inaimba, kamera imemtulia, ndipo tupewe mengine. Na ni chini ya huyo huyo ambapo watu waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na wengine wakateswa ndani ya Nyayo House, jengo la serikali huko Nairobi. Basi kipimo cha mchungaji wenu ndicho tulichotumia miaka yote, na sijaona kilichochuja. Hofu ya Mungu anaijua Mungu. Sisi tunachokiona ni Biblia iliyoshikwa mkononi, na kuishika hakumshindi mtu.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani niko upande wa wale wanaosema kanisa liachane na siasa, lihubiri mbinguni tu. Hao ndio huniudhi zaidi. Wewe umezaliwa hapa Freretown, Mombasa. Mtaa huu ulianzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na utumwa wakati ule haukuwa dhambi ya faraghani, ulikuwa sheria na biashara ya nchi. Pale Rabai, si mbali na hapa, palikuwa na mchungaji Mwafrika, William Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Watoro walipokimbia mashamba ya pwani, kwake walipata hifadhi. Mwaka 1888 wenye watumwa wakaja juu, wanataka mali yao, na mambo yalikaribia kuwa vita. Ilibidi kampuni ya Waingereza iwalipe fidia, na Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Sasa niambie, Jones alikuwa akifanya dini au siasa? Watoro walipobisha mlangoni nadhani hakupata nafasi ya kutenganisha.

Kwa hiyo kwangu hoja si kama kanisa liseme au linyamaze. Mimi hutazama linamsemea nani.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Mwaka 1986 KANU, chama tawala na cha pekee wakati ule, iliamua kura ya mchujo ipigwe kwa mlolongo, watu wapange foleni nyuma ya mgombea au picha yake. Wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, wakakataa. Sababu yao ilikuwa ya kawaida kabisa: mchungaji ana waumini wa pande zote, akisimama nyuma ya mgombea mmoja mchana kweupe, wengine wote amewapa mgongo. Serikali ikakasirika, lakini mlolongo ukaendelea.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu kijana. Tulipangwa kwenye uwanja wa shule, na mbele ya kila foleni mtu amenyanyua picha juu. Mwalimu mkuu alikuwa foleni ya kati. Nilimwona mwalimu mwenzangu akihama foleni kwa sababu tu mwalimu mkuu alikohoa. Wenye nyumba wanawatazama wapangaji wao, machifu wanamtazama kila mtu. Mchungaji wetu wa wakati ule alikuja, akasimama chini ya mwarobaini, mikono nyuma, hakuingia foleni yoyote. Hakutoa hotuba wala hakusema neno, na uwanja mzima ulimwona. Aliyepata asilimia 70 kwenye foleni alikuwa ameshapita, kura ya siri haikuwepo tena kwake. Na nchi nzima watu walisimulia jinsi foleni ndefu ilivyotangazwa kuwa fupi.

Wakati huo maaskofu wetu wa Anglikana, akina Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge, walikuwa wakisema mimbarini yale ambayo bungeni hayakusemeka. Siku ya mwaka mpya 1990 Timothy Njoya wa Presbyterian alihubiri kuhusu tawala za chama kimoja zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki, na serikali ikamjia juu. Agosti mwaka huo waziri Peter Okondo alimwonya Askofu Muge hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Muge alikwenda. Tarehe 14, akirudi Eldoret, gari lake liligongana na lori, akafa. Okondo alijiuzulu. Desemba KANU yenyewe ikaufuta mlolongo, na mwaka uliofuata kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kikaondolewa.

Angalia walichokuwa wakidai hawa. Hakuna aliyedai Mwanglikana awe rais. Walidai kura iwe siri, watu wasifungwe bila kesi, mashamba yasinyakuliwe. Siri ya kura ni ya Mkristo, ya Mwislamu, na ya yule asiyeingia popote siku ya ibada. Ndiyo maana hata majirani zetu Waislamu walikuwa wakiulizana, askofu kasema nini Jumapili?

Halafu ukaja uchaguzi wa mwaka 2007. Hapo nitapita haraka kwa sababu ulikuwa umekua na uliyaona. Wachungaji walikuwa na wagombea, na mgombea wa mchungaji kwa kawaida alikuwa wa kabila lake. Kulikuwa na maombi na unabii wa kila namna, na kila unabii ulikwenda na lugha ya mama ya nabii. Nchi ilipowaka, tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa humo humo ndani. Februari NCCK ikakiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, hivyo hawakuweza kuyakabili yaliyotokea. Niliwaheshimu kwa kukiri. Lakini mwamuzi aliyevaa jezi hata akipuliza filimbi nani atasimama?

Sasa nije kwenye 2010, ambako ndiko unakonichokonoa.

Maaskofu walikataa rasimu kwa mambo mawili. La kwanza ni kifungu cha 26 juu ya uhai. Nilikisoma mwenyewe, nimevaa miwani. Kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, na utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa mtaalamu wa afya akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Wao waliogopa hilo neno "afya", kwamba litapanuliwa mpaka lipitishe kila kitu. Hapo niliwaelewa, na sitakudanganya kwamba nimelimaliza moyoni.

La pili ni mahakama za kadhi. Walisema si haki dini moja ipewe mahakama ndani ya katiba, ilhali kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Kwenye karatasi hoja hiyo ina mantiki. Tatizo ni kwamba sisi tunaishi Mombasa. Ukanda huu wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Oktoba 1963, kabla haujaungana na Kenya, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua kwamba makadhi watabaki. Ni ahadi ya serikali, na kadhi alikuwamo katika katiba tangu uhuru. Miaka yote hiyo hajaniita mimi kwa lolote, na hawezi: anasikiliza ndoa, talaka na mirathi, tena pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake.

Unamkumbuka mama yao wale uliokuwa ukicheza nao mpira, nyumba ya mlango wa buluu. Alipofiwa na mumewe, mashemeji walikuja kabla matanga hayajaanuliwa, wakaanza kuipima nyumba kwa macho. Nilimsindikiza kwa kadhi. Tulikaa kwenye benchi na bahasha ya khaki magotini mwake: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, risiti za ardhi zilizokunjwa mpaka zinataka kukatika. Mashemeji wamekaa benchi la mbele, hawageuki. Alihesabiwa thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na watoto fungu lao, na nyumba haikuuzwa. Tukitoka nikamnong'oneza kwamba thumuni mbona kidogo. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, akasema, "Shoga, hawa walikuwa wamenihesabia sifuri."

Basi nikae kanisani niambiwe kwamba imani yangu inataka benchi lile liondolewe? Na mimi ningepata nini? Hilo ndilo lililonishinda. Maaskofu wale wale, au makanisa yale yale, ambayo miaka ya Muge yalidai kitu cha kila mtu, safari hii yalikuwa yakimdai jirani apunguziwe ili sisi tusionekane wadogo. Na ukitazama waliokuwa wakifanya kampeni ya La, humo mna Moi mwenyewe, mzee wa mlolongo. Nilipiga kura ya Ndio. Ilipita kwa asilimia 67 hivi, na baba yako ambaye alipiga La hakunisemesha mpaka jioni. Mpaka leo anaamini nilikosea, na bado tunasali pamoja.

Imani nilikuwa nayo, tena nilikwenda nayo kituoni. Askofu wangu namsikiliza, na akinifundisha Neno nakaa kimya kama mtoto wa shule. Lakini kura nitakwenda kuijibia mimi, siwezi kusema nilitumwa.

Kuna jambo la pesa, sitaki nilipite. Septemba 2021, kule Butere, Askofu Mkuu wetu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa kipaza sauti siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno. Walikaribishwa kusali, wakae kwenye viti kama watu. Novemba 2024 maaskofu wa Katoliki walitoa taarifa kali dhidi ya serikali na uongo wake, na siku chache baadaye Rais William Ruto alitoa mchango katika kanisa lao la Soweto, Nairobi. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zirudishwe na ahadi zikataliwe, jumla kama shilingi milioni 5.8. Ninayasema haya nikijua chumba chetu cha watoto cha shule ya Jumapili kinavuja, na mheshimiwa mmoja ameshatuma mtu kuuliza kama tunaweza kumpa dakika tano baada ya matangazo. Katika baraza la kanisa tuligawanyika vibaya. Kuna wanaosema pesa haina dhambi, mabati ni mabati. Nami nikauliza tu: tukishaezeka kwa mabati yake, siku akinyakua shamba la watu, nani kati yetu atapanda mimbarini kulitaja? Kikao kiliahirishwa.

Kwa mchungaji wenu, mwombe kwa adabu asome nanyi 1 Wafalme sura ya 21. Watu wa pwani sura hiyo tunaijua kwa mifupa, maana ni ya shamba. Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake. Yezebeli anafanya nini? Anaandika barua kwa mhuri wa mfalme, anatangaza mfungo. Ndiyo, kufunga! Anawaita watu kwenye ibada, anamweka Nabothi mbele, mashahidi wa uongo wanasema amemtukana Mungu, anapigwa mawe, shamba linakwenda. Dini ilikuwapo, tena ya kutosha. Ukikutana na mgombea mwaka 2027, usihangaike kumuuliza anasali wapi. Muulize mashamba yake aliyapataje, na waliokuwa wakikaa humo wako wapi. Akikujibu kwa aya ya Biblia, jua hajajibu.

Akiwa Mkristo na majibu yake ni safi, mpigie. Akiwa Mwislamu na majibu yake ni safi, mpigie pia, na ukiulizwa kanisani sema umetumwa na mama yako.

Halafu kuna hili: jina lako la kupigia kura bado liko huku. Kama hutakuwa na nauli Agosti hiyo, nenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya huko uhamishe mapema, wala usingoje wiki ya mwisho kama ulivyofanya kwa kitambulisho.

Ni mimi mama yako.