Damu kushuka tena akimaliza dawa

Dada, kama kiwango cha damu ya mtoto wako hupanda akitumia dawa ya madini ya chuma kisha ikashuka akiacha, mimi ningeshuku utumbo. Omba choo kipimwe damu isiyoonekana kwa macho, na kirudiwe siku tofauti, maana utumbo unaweza kuvuja leo kesho usivuje. Hapo hapo watafute mayai ya minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu utumboni. Choo kikiwa safi, uliza kipimo cha damu cha ugonjwa wa seliaki (utumbo kudhurika kwa gluteni ya ngano): huko kwa kawaida utumbo hauvuji damu, ila haufyonzi chuma vizuri. Maziwa ya ng'ombe je, yanazidi nusu lita kwa siku? Yakizidi, nayo hupunguza chuma mwilini. (Choo cheusi kinaweza kuwa dawa tu.) Akitoa damu nyekundu nyingi kwenye choo, hata bila maumivu, mkimbize hospitali.