Filta ya dizeli: usiitupe kabla hujaiuliza

Mvua zimeanza, na kila zikianza simu yangu hujaa swali moja lenye sura kumi: pikapu inazima. Nimechagua machache. Yaliyobaki yanahusu taa ya injini na kuchagua oili, nimeshayajibu mara tatu, sirudii.

Shikamoo fundi. Filta ya mafuta ya pikapu inakaa wapi? Nataka kubadilisha mwenyewe. (Msomaji, Kahama)

Marahaba. Pikapu gani? Hukutaja aina, mwaka wala injini, hata kama inakunywa petroli au dizeli hukusema. Ni sawa na kuingia Kariakoo ukaomba "kiatu".

Haya, nakisia. Kama ni Hilux ya zamani yenye injini ya 2L, 3L au 5L, au Land Cruiser yenye 1HZ, fungua boneti utafute kopo linalofanana na filta ya oili, ila hili limening'inia chini ya kichwa cha chuma chenye kitufe kipana juu. Kile kitufe ni pampu ya mkono. Chini ya kopo kuna waya, nao ni wa sensa ya maji. Usilichanganye na filta ya oili, ambayo imefungwa kwenye ubavu wa injini yenyewe. Unacheka? Mwaka jana kijana mmoja aliniletea gari likivutwa kwa kamba. Alifungua ya oili, oili yote ikamwagika, akafunga filta ya dizeli pale kwa sababu "ilikaribia kuingia".

Vigo na Revo za dizeli, yaani Hilux za karibuni, nazo tafuta humo humo ndani ya boneti. Usipoiona, acha kukisia: shika bomba linalotoka kwenye tanki ulifuate kwa macho na mkono hadi kwenye pampu ya injini. Chujio lazima liwe njiani. Za petroli ni kesi nyingine. Kwenye baadhi kuna kopo dogo la chuma limeshikizwa kwenye fremu kati ya tanki na injini, na nyingi za karibuni filta imo ndani ya tanki pamoja na pampu. Hiyo ya ndani ya tanki usiiguse ukiwa peke yako na spana moja. Ile ya kwenye fremu, kumbuka bomba lina presha: chomoa fyuzi ya pampu, liache gari lizime lenyewe, toa terminali ya hasi ya betri, ndipo ufungue. Na sigara iwe mbali, pamoja na mvutaji wake.

Fundi wangu kila service anatoa filta ya dizeli, anaipuliza kwa kompresa na kuirudisha. Anasema haina tofauti na mpya. Ni kweli? (Msomaji, Makambako)

Si kweli, na huyo anakuandalia bili.

Filta ya dizeli ni karatasi iliyokunjwa kunjwa. Uchafu unaoua pampu na nozeli hauonekani kwa macho. Unywele wa kichwa chako una unene wa takriban maikroni 70, na chujio zuri la injini ya komoni reli, zile za kisasa zinazosukuma mafuta kwa presha kubwa, linatakiwa kukamata punje za maikroni chache tu. Ukipuliza kwa kompresa, unafanya mambo mawili kwa mpigo: unatanua vitundu vya karatasi, na sehemu ya uchafu unaisukuma upande uliokuwa safi. Fundi anaona vumbi jeusi limeruka, anafurahi. Lililobaki ndani halioni.

Zamani tulisamehewa. Injini ya 2L au 1HZ ina pampu ya kizamani na presha ya kiasi, ikimeza mchanga kidogo inalalamika, inatoa moshi, lakini inakufikisha. Kwenye 1KD na 2KD za Vigo, au 1GD na 2GD za Revo, mafuta yanasukumwa kwa presha ya zaidi ya bar 1,000. Kwa presha hiyo punje moja ni kama msasa. Nozeli ikianza kumwaga badala ya kunyunyiza, inaweza kutoboa pistoni, na hapo utakuwa unauliza bei ya injini nzima badala ya bei ya filta.

Mwambie fundi wako apulize kapeti.

Taa ya njano ya filta yenye alama ya matone imewaka kwenye dashibodi. Nipo Morogoro, naweza kufika Dodoma halafu nishughulike huko? (Msomaji aliye njiani)

Hapana. Egesha.

Ile taa ikiwaka kwa ajili ya maji, maana yake chini ya kopo yamejaa kiasi cha kuinua boya la sensa. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini, na kazi ya kopo ni kuyashikilia hapo. Yakizidi, yanapanda hadi kwenye pampu. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Ikipata maji badala ya dizeli, chuma kinasaga chuma.

Kumwaga maji hakuhitaji gereji. Zima injini, weka chombo chini, legeza koki ya chini ya filta kwa vidole, usiing'oe yote. Sukuma pampu ya mkono taratibu. Yatatoka maji, kisha mchanganyiko wa ukungu, kisha dizeli safi. Hapo funga, piga selfu. Taa ikirudi siku hiyo hiyo, tatizo liko kwenye tanki.

Na hapa ndipo ninapotaka kukukamata. Chombo ulichokingia kiwe cha kioo au chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa, ili uone. Kiache dakika kumi. Maji yatajitenga chini. Ukiona utando mweusi kama makamasi katikati, hao ni vijidudu, wanaishi pale maji na dizeli vinapokutana, na wamehamia kwenye tanki lako kwa sababu gari hukaa wiki nyingi na mafuta nusu. Ukiona wekundu wa kutu, tanki linaoza. Ukiona mchanga, ni dumu. Nasema dumu kwa sababu nusu ya mliotuma maswali mnajaza mafuta ya dumu kando ya barabara kisha mnamlaumu Mjapani.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya ujinga huo, sina haya ya kusema. Usiku, sheli zimefungwa, mwenye duka ana pipa la dizeli nyuma ya nyumba. Nikajaza lita ishirini kwa bomba la mpira. Kilomita kama thelathini mbele gari likaanza kuvuta kamasi, mlimani likazima. Nilipofungua koki kwa tochi ya simu, kilichotoka kilikuwa maji ya mvua yenye harufu ya dizeli.

Kuna kitu kimoja hata filta ya bei ghali haikioni: mafuta ya taa. Yanachanganyika na dizeli kabisa, hayajitengi, yanapita kwenye karatasi kama mgeni mwalikwa. Tuliokuwa barabarani miaka ile tunakumbuka neno uchakachuaji lilivyoanza kusikika kwenye kila sheli, hadi EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, ikaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusiwe na faida. Wakenya nao waliweka tozo yao ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, pampu inachakaa polepole na wewe unaendelea kubadilisha filta kila mwezi. Filta ikitoka safi lakini gari linakosa nguvu na pampu inalia, acha kununua filta, badilisha sheli. Na risiti uitunze.

Nimebadilisha filta mwenyewe kwenye Hilux ya 5L. Inawaka sekunde kumi, inazima. Nimepiga selfu mpaka betri imekufa. (Msomaji, Tunduma)

Pole kwa betri, lakini uliiua wewe. Huo ni upepo.

Ulipofungua kopo, hewa iliingia kwenye mabomba. Pampu ya injini inajua kusukuma dizeli tu, hewa inaibonyeza bure. Legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kichwa cha filta kama ipo, sukuma pampu ya mkono mpaka povu liishe na yatoke mafuta matupu, funga, endelea kusukuma hadi kitufe kiwe kigumu chini ya kiganja. Kigumu kweli. Watu wengi husukuma mara kumi wanachoka. Ikiwa bado, kwa injini ya zamani kama yako unaweza kulegeza nati za mabomba kwenye nozeli, mtu mwingine akapiga selfu kidogo kidogo, mafuta yakitoka unakaza moja baada ya nyingine.

Mwenye Vigo au Revo anayesoma hapa: hilo la kulegeza mabomba ya nozeli usiige, tena usilifanye kamwe. Dizeli ya presha ile inapenya ngozi ya mkono kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, nyama ndani inakufa. Likimpata mtu ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu, na amweleze daktari kwamba ni dizeli ya presha.

Sasa Tunduma, ukishatoa upepo na bado linazima, kuna mahali linavuta hewa. Kagua kwanza gasketi ya filta ya zamani. Mara nyingi inabaki imeng'ang'ania kwenye kichwa, mtu anafunga mpya juu yake, zinakuwa mbili, na mbili hazizibi. Pili, oringi ya sensa uliyoihamisha kutoka kopo la zamani, hiyo lazima iwe mpya. Tatu, mpira mkavu wenye nyufa. Funga kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani kati ya filta na pampu, washa, utaona mapovu yakipita.

Kingine: kopo hukazwa kwa mkono. Paka dizeli kwenye gasketi, zungusha hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Waliokaza kwa mnyororo na bomba ndio hao kesho wanaotoboa kopo kwa bisibisi ili lifunguke.

Nijaze filta mpya dizeli kabla ya kuifunga ili isisumbue kuwaka? Wote hapa gereji wanafanya. (Msomaji, Voi)

Wote wanafanya, ndiyo. Ukiligeuza kopo utaona tundu kubwa katikati na matundu madogo pembeni. Ya pembeni ni ya kuingilia, la katikati ni la kutokea, upande ulioshachujwa. Ukimimina dizeli ya kopo la maziwa kwenye tundu la katikati, umeipeleka moja kwa moja kwenye pampu bila kuchujwa. Kwa injini ya zamani, mimina pembeni, dizeli safi. Kwa komoni reli usimimine kabisa. Ifunge kavu, tumia pampu ya mkono, au kama pampu yake ni ya umeme, fungua swichi bila kuwasha, subiri, funga, rudia mara kadhaa.

Kila kilomita ngapi? (Wasomaji wengi mno)

Kitabu cha gari kinasema. Kwa vumbi letu na mafuta yetu, gawa kwa mbili. Mimi hubadilisha kila 10,000, na maji ya chini namwaga kila service ya oili.

Nimeambiwa nikiondoa filta kabisa gari linapata nguvu. Unaonaje? (Msomaji, Geita)

Aliyekuambia anauza pampu.

Dereva deiwaka amejaza petroli kwenye Revo ya dizeli, lita kama 15. Bado hajawasha. Nibadilishe filta? (Msomaji, Mbagala)

Asiwashe, hata swichi asifungue. Vuta gari, mwaga tanki lote, ndipo filta. Angekuwa amewasha, hadithi ingekuwa ndefu. Mpe dereva soda, maana wengi huwasha kwanza ndipo wanapiga simu.

Nitajuaje filta feki? Boksi zote zinafanana. (Msomaji, Iringa)

Boksi achana nalo, siku hizi feki ina boksi zuri kuliko orijino. Nenda na ya zamani mkononi, au na namba ya chesisi, siyo na "ya Hilux". Zilinganishe. Mpya iwe na uzito wa kufanana, nyuzi za skrubu zisiwe na makali ya kukwaruza, gasketi ikae kwenye mfereji wake bila kucheza. Kama ni ile ya karatasi isiyo na kopo, hesabu mikunjo: feki huwa na michache, imeachana huku imebanana kule, gundi imemwagika pembeni. Ukiwa na shaka, ipasue ile uliyokwisha kuitumia uone ndani. Karatasi iliyovimba, kupasuka au kuachana na gundi imekuwa ikipitisha kila kitu, na duka lile usilirudie hata wakikukaribisha chai.

Fundi, uliwahi kusema tusitupe filta ya zamani kabla ya kumwaga kilichomo kwenye glasi na kukiangalia. Nimeshaitupa jana kwenye pipa la gereji. Sasa gari linakosa nguvu tena na sijui chanzo. Nifanye nini? (Msomaji, Singida)

Kaitafute. Pipa la gereji halimwagwi kila siku.