Kazi mtandaoni ukiwa China: maswali ya wasomaji

Swali: Nakwenda Guangzhou kwa wiki tatu na kazi yangu yote iko kwenye Gmail na Google Drive. Nitaweza kuingia?

Jibu: Kwa Wi-Fi ya hoteli au laini ya China, hapana. Google, WhatsApp, Facebook, YouTube na Wikipedia zimefungwa China Bara. Hong Kong na Macau ziko wazi. Tegemeo lako la kwanza liwe romingi, yaani kutumia laini ya kigeni kwenye mitandao ya China, ama kwa laini yako ya kawaida ama kwa eSIM ya wasafiri (laini ya kidijitali inayosakinishwa kwenye simu bila kadi). Data ya laini ya kigeni hupelekwa kwanza hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyotoa laini, nje ya China Bara, na huko ndiko inakoingilia mtandaoni. Mfumo wa kuchuja wa China hauipati.

Nunua na usakinishe eSIM kabla ya safari, na umuulize muuzaji mambo mawili: data yake inatokea nchi gani, na je, inaruhusu hotspoti, yaani simu kuigawia laptopu intaneti? Kagua na simu yenyewe, maana iPhone nyingi zilizouzwa China Bara hazipokei eSIM. Ukitua, chagua eSIM kuwa laini ya data na uiwashie romingi. Laini yako ya kawaida iache hewani kwa ajili ya SMS, ila romingi yake ya data izime, pamoja na ile ruhusa ya simu kujibadilishia laini ya data. Wengi husahau hiyo ya mwisho, kisha hushangaa salio limekwenda wapi.

Swali: GB 10 zitanitosha?

Jibu: Saa moja ya mkutano wa video hula takriban GB 1, ukizima kamera inashuka sana. Adui mkubwa ni laptopu. Ikishika hotspoti hujiona iko kwenye Wi-Fi ya bure, basi inaanza kupakua masasisho na kupandisha picha zako zote. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya hotspoti hiyo uiweke kuwa mtandao unaolipiwa kwa kipimo (metered connection). Kwenye Mac, washa hali ya data kidogo (Low Data Mode). Simamisha pia Drive na OneDrive.

Swali: Nina VPN ya kulipia, ile programu inayopitisha intaneti yangu kwenye seva ya nchi nyingine. Si inatosha?

Jibu: Usiitegemee peke yake. Mfumo wa China hauishii kufunga anwani, bali hutazama pia jinsi muunganiko unavyoanza. OpenVPN na WireGuard, mbinu za kuunganisha zinazotumiwa na VPN nyingi, hujitambulisha tangu mwanzo, kwa hiyo hukatwa hata kama seva ni mpya. Mara nyingi utaona programu inadai imeunganishwa lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Usingoje kuitafuta ukifika: tovuti nyingi za VPN zimefungwa, na Apple iliziondoa programu hizo kwenye duka lake la China mwaka 2017. Sheria nayo inatambua zile zenye kibali cha serikali tu, na wapo watu waliotozwa faini. Kama mwajiri wako ana ofisi huko, omba kutumia mtandao wao rasmi.

Swali: Nikibadilisha DNS, ile huduma inayotafuta anwani ya tovuti kwa jina lake, iwe 8.8.8.8 ya Google je?

Jibu: Haisaidii. Ukiuliza anwani ya tovuti iliyofungwa, jibu la uongo kutoka mfumo wa China hufika kabla ya lile la kweli. Hata ukiipata anwani sahihi, jina la tovuti husomwa muunganiko unapoanza, kisha unakatwa.

Swali: Namba za uthibitisho zinazotumwa kwa SMS ninapoingia kwenye akaunti zitanifikia?

Jibu: SMS za romingi huchelewa, nyingine hazifiki kabisa. Kabla ya kuondoka, hamia programu ya uthibitisho, ambayo hutengeneza namba mpya kila sekunde 30 kwa kufuata saa ya simu, bila intaneti. Acha saa ijipange yenyewe. Ukiibadilisha kwa mkono ifuate saa ya China bila kubadili ukanda wa saa, kila namba itakataliwa. Google hutoa pia namba 10 za akiba za kuingilia kwenye akaunti. Ziandike kwenye karatasi. Kuzihifadhi ndani ya Drive ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

Swali: Wenyeji wangu wanataka tuwasiliane kwa WeChat tu.

Jibu: Jisajili mapema, kwa kuwa wakati mwingine mtumiaji mpya hutakiwa kuthibitishwa na mtu mwenye akaunti ya siku nyingi. Ujumbe wake hauna usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani ufichaji unaowaachia mtumaji na mpokeaji tu kuusoma, na maudhui hufuatiliwa. Ratiba na salamu hazina neno. Mikataba na nywila zisipite humo. Faili za wateja zitume kwa Outlook, ambayo kwa kawaida hufunguka huko bila VPN, ingawa polepole.