Malimbuko kwanza, au deni la wifi?

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mama mwinjilisti mstaafu wa Old Moshi.

SWALI: Shikamoo Mama Mwinjilisti. Nina watoto watatu, nauza mitumba Kiboriloni, nguo za watoto. Kila mkesha wa mwaka mpya naandika maazimio kwenye daftari na kuyaombea, lakini ikifika Machi yamekufa yote. Pasaka iliyopita nilikopa shilingi 400,000 kwa wifi yangu, ni mwalimu huko Uru, ninunue belo. Belo likatoka baya, nguo nyingi zimechanika. Nikachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili nijazie, nao nimeumaliza Novemba kwa taabu kubwa. Wifi sijamlipa hata shilingi. Krismasi wote walipopanda nyumbani, mimi nilimwambia mume wangu naumwa nikabaki mjini. Sasa, mkesha nilialikwa kanisa la jirani, na mhubiri akasema asiyetoa malimbuko Januari amejifungia mlango wa mwaka. Mkononi nina 180,000 zilizobaki kwenye mauzo ya Krismasi, na mtoto wa kwanza anaingia kidato cha kwanza. Nianze na nani: Mungu, wifi au mtoto?
Mama wa Kiboriloni, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikaona umewapanga Mungu, wifi na mtoto kama wadai watatu wanaogombea laki moja na elfu themanini. Mungu mtoe kwenye foleni hiyo. Hakudai namna hiyo.

Nianze na hili la malimbuko, maana limekutia hofu na mimi limeniuma. Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 26. Mkulima anajaza kikapu mazao ya kwanza ya shamba lake, anakipeleka kwa kuhani, anasimulia jinsi Mungu alivyowatoa wazee wake Misri, kisha anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake. Ni shukrani kwa kitu kilichokwisha kuota na kuiva. Sijaona katika sura ile mtu anayetoa ili afunguliwe mlango. Alishafunguliwa, ndiyo maana kikapu kimejaa. Tena kikapu ni chake, hakukiazima. Fedha uliyonayo wewe bado ina jasho la wifi yako ndani. Kutoa malimbuko ni jambo jema, na wapo wanaotoa kwa moyo mweupe kabisa, lakini kumtisha mama mwenye deni kwa jina la Mungu si Injili, na nitalisema hilo popote.

Bwana Yesu mwenyewe ameshaliamua shauri lako, Mathayo 5, aya ya 23 na ya 24. Mtu amefika madhabahuni, sadaka iko mkononi, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane, ndipo arudi kuitoa. Haambiwi atoe haraka aondoke. Madhabahu inamsubiri.

Kwa hiyo nenda Uru. Usipige simu, wala usimtume mume wako, ingawa ni dada yake. Na mume umwambie ukweli wa Krismasi kabla ya kupanda daladala, asije akausikia huko juu kutoka kwa dada yake. Umeolewa uchagani, basi isale unalijua, lile jani linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Wazee wetu, hata kabla wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, hawajafika Kilimanjaro mwaka 1893, mtu aliyemkosea mwenzake alilipeleka kuomba radhi, na aliyeletewa isale aliona uzito wa kulikataa. Nimeona masale yakiletwa kwenye ua wa watu ambao hawakusalimiana kwa miaka, na wakaketi. Mimi sioni ubaya Mkristo kwenda na jani hilo mkononi, akiwa na sala moyoni. Ila usiende na jani tupu.

Zakayo aliposimama mbele ya Bwana, Luka 19, hakusema ataanza maisha mapya. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Nawe nenda na hesabu. Nikiwa wewe, ningetenga 80,000 za mtoto. Shule ya serikali haitakudai ada, lakini sare, viatu na madaftari havikwepeki. Nunua sare jozi moja, ifuliwe jioni, ya pili itakuja. Mpelekee wifi 60,000. Umwambie: dada, nilikukimbia kwa sababu ya aibu, hizi ni za kwanza, na zinazobaki, 340,000, nitazilipa hivi na hivi. Mwandike kwenye karatasi, wote wawili mtie sahihi. Anaweza kukasirika. Ana haki hiyo, msikilize mpaka amalize. Zitabaki 40,000. Jumapili toa humo sadaka utakayoweza, hata elfu moja, uitoe ukicheka. Nyingine nunua nguo za kuchagua moja moja, usiguse belo zima kwa sasa, na kausha damu usiisogelee tena hata mtoto akilia.

Sasa hilo la maazimio kufa Machi. Nimelifikiria sana, kwa sababu si wewe peke yako, nimelisikia kwa akina mama wengi wa sokoni wakidhani wamerogwa au imani yao ni haba. Mwanangu, Machi ni masika. Mvua inashuka mpaka Mei, soko ni tope, mteja hatoki nyumbani, na kule mlimani watu hawana fedha, kahawa bado iko mtini. Wewe Januari ukiwa bado na joto la Krismasi unaahidi kiasi kilekile kila mwezi, mpaka Desemba. Hiyo ahadi itasimama vipi mwezi wa nne? Luka 14 inasema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama. Kuketi huko nako ni ibada. Basi panga mwaka kwa majira ambayo Mungu ameyaweka hapa Kilimanjaro. Aprili na Mei mwahidi wifi kidogo sana, hata 10,000. Juni na Julai baridi inaingia, kila mama anatafuta sweta la mtoto, hapo ongeza. Wewe anza kuokota masweta mapema, yakiwa bado bei ya chini. Kuanzia Julai kahawa inavunwa, na kidogo kidogo fedha inaanza kuonekana mikononi mwa watu. Desemba unaijua mwenyewe. Ukipanga hivyo, naamini deni litakwisha kabla ya Krismasi, na utapanda nyumbani na wenzako.

Yale maazimio mengine ya kwenye daftari yapunguze. Wamethodisti wana ibada ya kufanya upya agano na Mungu, ambayo John Wesley aliianzisha London mwaka 1755, na wengi wao huifanya mwaka unapoanza. Humo mtu haorodheshi atakachopata. Anajiweka mikononi mwa Mungu atumike apendavyo Yeye. Mimi ni Mlutheri, lakini ibada hiyo naipenda sana. Andika mambo mawili basi: deni la wifi, na sala fupi asubuhi kabla hujatandika nguo. Kisha mwambie mama mmoja wa jumuiya yenu, mwenye kifua cha kutunza siri, akuulize kila mwezi umelipa kiasi gani. Usimwambie kila mtu.

SWALI: Mama, mimi ni kijana wa bodaboda, nakaa Majengo. Usiku wa mkesha nilikuwa kazini, abiria walikuwa wengi, nikaingia mwaka nikiwa barabarani bila maombi. Je, nimeuanza vibaya?

JIBU: Hapana, mwanangu. Uliwafikisha watu ibadani na majumbani salama, na hiyo ni kazi ya kumshukuru Mungu. Katika kalenda ya kanisa letu tarehe 1 Januari ni siku ya nane tangu Krismasi, siku mtoto alipopewa jina Yesu, Luka 2 aya ya 21. Tunaingia mwaka kwa jina hilo, na jina hilo halifungwi saa sita usiku. Maombolezo sura ya 3 inasema rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, hata asubuhi ya tarehe 9. Jumapili nenda ibada ya kwanza, kabla abiria hawajawa wengi. Egesha pikipiki, uingie na helmeti yako mkononi, ukae mbele.